Kozi Mbili, Ijumaa Moja

Padri Kuriako alikohoa mara mbili, akanyoosha mikono yote miwili kuipeleka karatasi mbali na macho, maana miwani yake hubaki sakristia kila Jumapili kama inalipwa kulinda huko. Kisha akasoma kwa sauti ile ile anayoitumia kunadi kuku wa sikukuu ya somo wa parokia.

"Sijo, mwana wa marehemu Devasia na Elikutty, wa parokia hii, anakusudia kufunga ndoa na Rinsy, binti wa Ouseph na marehemu Thresiamma, wa parokia hii hii. Tangazo la kwanza. Mwenye kujua kizuizi aseme."

Mtu wa nyuma akakohoa kwa makusudi, vijana wakacheka. Upande wa wanaume, Sijo alihisi masikio yanamuwaka moto. Miaka minne ameisubiri sentensi hiyo. Alikuwa ameapa hatageuka, ataangalia altare kama mtu mzima wa miaka thelathini na tatu, lakini nani amewahi kuiamrisha shingo yake siku kama hiyo? Akageuka. Akamtafuta upande wa wanawake, benchi la tatu karibu na dirisha.

Alitegemea kuliona lile tabasamu analolificha kwa kung'ata mdomo wa chini. Tabasamu hilo Sijo alilijua kuliko sura yake mwenyewe. Badala yake akamwona Rinsy ametokwa na rangi yote, macho yamemtoka, ameikamata ncha ya sari kwa mikono miwili.

"Mama yangu," Sijo akanong'ona. "Kuna nini tena?"

Misa ilikwisha saa tatu, na ngazi za kanisa zikajaa watu wenye meno nje.

"Sijo, hongera! Umetuchelewesha kula nyama, wewe mtu!"

"Sasa ticha atakusahihisha hadi usingizini. Ukikoroma vibaya, unarudia!"

Sijo alicheka na kila mmoja, akashikwa mabega, akapigwa mgongo, lakini macho yake yalikuwa yanamfuata Rinsy. Alikuwa anawapita akina mama wanaotaka kumkumbatia, anawapa shavu na kuwakwepa, mpaka akamfikia Sijo pembeni ya kisima cha maji ya baraka.

"Ichaya." Aliliita jina hilo kwa chini, kama wanawake wa kule wanavyowaita waume zao, na hadharani alikuwa hajalitumia hata siku moja. "Nani amemwambia Padri atutangaze leo?"

"Ammachi," alisema Sijo, maana ndivyo wote wawili walivyomwita mama yake. "Si wewe mwenyewe ulimwambia umejiandikisha kozi?"

"Kozi gani?"

"Rinsy, kozi ya ndoa. Ya Ijumaa, Jumamosi na Jumapili. Mimi nimeshajiandikisha tangu juzi."

Rinsy akafumba macho. "Mungu wangu. Mimi nilimwambia ya Maldivi. Kozi ya walimu wanaokwenda kufundisha kule, Ichaya. Inafanyika mjini Kochi. Ijumaa, Jumamosi na Jumapili."

Walitazamana. Mtoto wa mtu akapita anakimbia katikati yao akiwa na puto, wala hawakumwona.

*

Nyumbani kwa kina Sijo meza ilikuwa imeshaandaliwa. Ammachi Elikutty alikuwa ameamka saa kumi ya usiku kuikaanga nyama ya ng'ombe na vipande vya nazi, akachemsha muhogo, akapika samaki wa mchuzi mwekundu unaomtoa mtu machozi, na juu ya yote akamwalika Padri. Alikuwa amevaa nguo yake nyeupe ya sherehe yenye mikunjo ya feni nyuma, na dhahabu masikioni. Mzee Ouseph, baba yake Rinsy, alikaa karibu na Padri akiwa amejaa fahari, kila dakika anaulizia kama wageni mia nne watatosha ukumbini.

Rinsy hakuweza kumeza hata tonge la kwanza. Akausema ukweli hapo hapo, kwa sauti ya darasani, wazi, bila kuficha.

Kijiko cha Ammachi kikabaki hewani. "Unasemaje?"

"Ile kozi niliyokuambia Jumatano kwenye simu, Ammachi, ni ya kazi. Wakala alinipigia, nikafurahi, nikakupigia wewe kwanza."

"Ulisema, 'Ammachi, nimejiandikisha kozi, Ijumaa tunaanza.' Maneno yako hayo. Nikamshukuru Mungu, nikamwambia Padri. Sasa mimi ningejuaje? Wewe ni ticha miaka sita. Ticha anafundishwa tena uticha?"

"Wanatuandaa. Silabasi yao nyingine, lugha yao nyingine, sheria zao..."

"Na ya ndoa ulidhani utaifanya lini?"

Rinsy akainamisha kichwa. "Nilidhani iko kila juma."

"Kila juma!" Ammachi akamtupia Padri jicho. "Kama mnada wa pilipili!"

"Ni mara moja kwa mwezi," alisema Padri polepole, na mkono wake ukaacha kwenda kwenye bakuli la nyama. "Inayofuata itakuwa ndani ya Kwaresima. Na Kwaresima Kubwa hakuna harusi, hilo mnalijua."

Wote walilijua. Hesabu ilikuwa nyepesi hata kwa mtu asiyefundisha hisabati. Tangazo la kwanza leo, la pili Jumapili ijayo, la tatu Jumapili ya tatu, harusi Jumamosi yake, na Jumatatu Kwaresima inaingia, kwa desturi ya kanisa lao, siku hamsini bila harusi. Ndege ya Rinsy ilikuwa juma la pili la Kwaresima. Sijo na Ammachi walikuwa wameipanga kama mtu anayepita na ndoo ya maji kwenye mlango mwembamba, isimwagike hata tone.

"Padri," Sijo alisema, "cheti si cha mtu mmoja mmoja? Niende mimi Ijumaa, yeye aende baadaye."

"Cheti ni cha wawili, mwanangu. Wawili wakae, wawili wasikilize."

"Jimbo jirani?"

"Walifanya juma lililopita."

"Askofu je? Akitusamehe hii moja?"

"Askofu amesafiri mpaka Pasaka. Na hata angekuwepo..." Padri akafuta vidole. Alikuwa mtu mwema, na watu wema ndio wanaoumia kusema hapana. "Mwaka juzi nilimfungisha mmoja bila cheti. Mimi mwenyewe nikaitwa, nikasimamishwa kama mtoto wa shule. Mimi ni padri wa parokia tu, Sijo. Haimo mikononi mwangu."

"Basi kwa msajili wa serikali," Sijo akasema. Alijua anatapatapa.

"Ilani siku thelathini ukutani," alijibu mzee Ouseph kwa hasira. "Na binti yangu hataolewa ofisini kama mtu anayekata leseni ya baiskeli!"

Rinsy alikuwa ameshatoa simu. Akaiweka mezani, sauti nje, katikati ya muhogo na samaki. Wakala, Bwana Thampi, alipokea kwa mlio wa tatu, na kelele za watoto zilisikika nyuma yake.

"Bwana Thampi, samahani Jumapili hii. Nikikosa Ijumaa, nikaja Jumamosi?"

"Dada yangu, hiyo usiniambie."

"Siku mbili badala ya tatu tu."

"Mkuu wa shule anatoka kule mwenyewe. Siku ya kwanza lugha, ya pili namna yao ya kufundisha, ya tatu mkataba unatiwa saini mbele yake. Ukienda chooni ukakawia utaulizwa ulikuwa wapi. Nina walimu arobaini wanaosubiri nafasi yako, wengine wana shahada mbili. Mimi wakala tu, dada. Haimo mikononi mwangu."

Sijo alitaka kucheka. Wawili sasa wamesema neno lile lile.

"Na fomu yako ya nyumba haijafika," Thampi aliendelea. "Mwisho leo saa kumi, orodha inafungwa. Walioolewa wanapewa nyumba na kibali cha mwenzi. Kama ni ndoa ya karibuni, ambatisha barua ya kanisa yenye tarehe ya harusi. Wasioolewa, chumba na mwalimu mwenzio. Utakachoandika leo ndicho hicho mpaka mkataba uishe."

"Miaka miwili," alisema Rinsy.

"Miaka miwili, dada. Nyumba kule ni chache, kisiwa chenyewe unakizunguka kabla chai haijapoa."

Simu ikakatika. Wote wakamgeukia Padri, na Padri akajua wanachotaka kabla hawajakisema.

"Barua ya tarehe ninaiandikaje," alisema, "nami najua hamtakuwa kwenye kozi?" Akasimama, akamwekea Rinsy mkono kichwani, mkono ukakaa pale kwa muda. Nyama yake aliiacha nusu sahani, jambo ambalo halijawahi kutokea katika nyumba ile. Mlangoni aligeuka. "Niambieni kabla ya Jumapili kama nisome tangazo la pili au nisisome. Nitafanya mtakavyosema."

Alipoondoka tu, Ammachi aliweka viganja vyote viwili mezani.

"Mshika mbili moja humponyoka," alisema. "Ticha, achana na hiyo ya Kochi. Njoo kwenye ya ndoa."

"Ammachi, nafasi hii haitarudi."

"Na mwanangu je? Yeye anarudi? Sikiliza, mwanangu, sikuchukii. Ungekuwa binti yangu ningesema haya haya. Nilikubali Sijo akufuate huko, na mimi nibaki na mbwa na vyumba vitano, kwa sababu mke na mume hurudi nyumbani. Mtu aliyekwenda peke yake harudi. Ninaye mmoja Kanada. Bijoy wangu alisema miaka miwili. Huu ni wa kumi na moja. Ananitumia picha za theluji." Akasukuma sahani yake kando. "Ukienda bila ya kufunga ndoa, mimi baada ya Pasaka namtafutia huyu mwingine. Simweki kwenye kabati."

"Ammachi!" alisema Sijo.

"Ammachi nini? Nina miaka sabini na moja. Nani atanifumba macho nikifa?"

Mzee Ouseph naye hakubaki nyuma. "Jina la binti yangu limesomwa leo mbele ya watu mia tano. Jumapili ijayo lisisomwe, watasema nini? Watasema Sijo ameona kasoro. Mimi nitaingia kanisani na sura gani, eh? Rinsy, niambie!"

Rinsy alisimama. Akatoka kwa mlango wa jikoni, na baada ya kumtazama mama yake na kumtazama mkwe wake asiyekuwa mkwe, Sijo akamfuata.

*

Alimkuta kwenye kibanda cha kukaushia mpira unaogemwa mitini, nyuma ya nyumba. Karatasi za mpira zilining'inia kwenye mianzi, zingine nyeupe bado, zingine zimeshageuka rangi ya asali, na harufu ya moshi ikajaa puani. Huko ndiko walikokuwa wanafanyia mazoezi. Kila Jumapili alasiri kwa miezi mitatu Rinsy alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa na daftari lake la lugha ya Maldivi, Sijo akimwuliza maneno huku akigeuza karatasi za mpira. Mwisho Sijo ndiye akawa anajua zaidi. Alikuwa ameshajifunza kuomba maji, kuuliza bei ya samaki, na kusema "mke wangu ni mwalimu". Hiyo ya mwisho alijifunza peke yake, kwa siri.

"Niambie nibaki," alisema Rinsy bila kugeuka.

Sijo aligeuza karatasi moja ya mpira.

"Neno moja tu, Ichaya. Niambie, nitabaki. Nitakwenda kozi ya ndoa nikae siku tatu, sista anifundishe kuogesha mtoto. Sitalalamika hata siku moja."

"Na kazi?"

"Shule nimeshaacha. Sista mkuu ameshaweka mwingine, msichana wa juzi, anampa elfu tisa."

"Utafanya nini basi?"

"Mei inakuja." Akageuka sasa, na akajaribu kucheka. "Kule duka la nguo wananijua."

Sijo alilijua duka lile vizuri. Maana ilikuwa huko, Mei moja miaka minne iliyopita, ndiko alikompenda. Shule ya Rinsy haikuwa ikilipa miezi ya likizo. Miezi kumi alilipwa elfu kumi na moja za rupia, pesa ambazo mkwezi wao wa minazi anazipata kwa siku kumi na bado anakunywa chai ya bure kila shamba. Na miezi miwili hakulipwa hata peni. Sijo alikuwa ameingia dukani kununua kikoi kipya cha kuvaa siku ya kumbukumbu ya baba yake. Nyuma ya kaunta alisimama ticha wa hisabati wa shule ya watawa, anakunja sari. Mama mmoja mwenye mkoba wa thamani akashangaa kwa sauti, "Ticha? Ni wewe? Unauza nguo?" Na ticha akasema, "Nimekuja kusaidia tu," akainama chini ya kaunta kama mtu anayetafuta boksi. Akakaa kule chini. Akakaa mno. Sijo aliona mgongo wake, na ule mgongo ukamkaa moyoni asipate pa kuutoa. Siku ile alinunua vikoi vitatu badala ya kimoja ili tu yule mama achoke kusubiri na aende zake.

"Usirudi kule," alisema sasa.

"Basi niambie niende."

"Hilo pia siwezi."

"Kubaki huwezi kuniambia, kwenda huwezi kuniambia! Unaweza nini wewe, Sijo?"

"Kukupenda naweza."

"Kunipenda!" Machozi yakamshuka, akayaacha. "Kila mtu leo ananipenda. Padri ananipenda, Ammachi ananipenda, baba yangu ananipenda. Hakuna hata mmoja anayeweza kuisogeza Ijumaa."

Sijo akamkaribia. Hawakuwahi kukumbatiana mchana, nyumba ikiwa na wazee. Siku hiyo alimshika, akamweka kichwa begani, na nywele zake zilinuka maua ya asmini aliyoyavaa kwa ajili ya misa ya kawaida, bila kujua ni misa ya kutangazwa. Sijo alikuwa na mikono ya kugema miti mia tatu kila alfajiri, mikono ambayo haijawahi kutetemeka na kisu, na sasa hakujua aiweke wapi.

"Kosa ni langu," Rinsy alisema kwenye shati lake. "Ningesema tu 'kozi ya kazi'. Neno moja zaidi."

"Kosa ni langu pia. Mama aliponiambia umejiandikisha ningekuuliza."

"Mbona hukuniuliza?"

"Nilifurahi."

Akacheka na kulia pamoja. "Na mimi nilifurahi. Ndiyo maana sikusema vizuri."

Walikaa hivyo. Kutoka nyumbani zilisikika sauti za wazee wawili wakilaumiana, kisha wakikaribishana chai, kisha wakilaumiana tena.

"Nitakusubiri," alisema Sijo.

"Usiape."

"Miaka miwili ni nini? Nimesubiri minne."

"Minne ulikuwa unaniona kila Jumapili." Rinsy alijitoa kifuani mwake, akafuta uso kwa ncha ya sari. "Na mama yako hakukosea kuhusu Bijoy. Umenisikia nikimbishia? Unajua nini kinanitisha, Ichaya? Naogopa nitayazoea maisha ya kule. Mshahara wa mwezi mmoja kule ni wa miezi saba hapa. Watanilipa hata likizo. Nitaitwa ticha na kulipwa kama ticha. Mtu akishaonja hilo, anarudije kuinama chini ya kaunta?"

Sijo hakuwahi kumwambia kwamba alimwona siku ile. Miaka minne alikuwa akidhani hilo ni siri yake.

"Ulijua nilikuwepo?"

"Nilijua. Nani mwingine hununua vikoi vitatu bila kupatana bei?" Akamshika shavu. "Ndipo na mimi nilipokupenda. Hukuniuliza kitu."

Saa ya ukutani ndani ya nyumba iligonga tisa na nusu.

"Fomu iko wapi?" Sijo aliuliza.

Rinsy alimtazama. Alikuwa ameliuliza swali zima la maisha yao kwa macho tu, na Sijo alilijibu kwa kunyoosha mkono. Rinsy akafungua mkoba. Fomu ilikuwa imekunjwa mara nne ndani ya daftari la lugha, na nakala ilikuwa hiyo moja.

Akaiweka juu ya ndoo, akachukua kalamu, akaandika herufi ya kwanza ya jina lake. Mstari ukayumba kama wa mtoto wa darasa la kwanza. Akajaribu kuushika mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto.

"Siwezi," alisema. "Mungu ananiona, siwezi. Andika wewe."

Sijo akapiga magoti kwenye udongo na suruali yake ya kutangazwa, akaandika. Mwandiko wake ulikuwa mkubwa na wa taratibu. Jina. Somo, hisabati. Uzoefu, miaka sita. Alipofika kwenye hali ya ndoa, kalamu ilisimama. Asubuhi ile ile watu mia tano walikuwa wamesikia jina lake na la Rinsy yakisomwa pamoja. Alihisi pumzi ya Rinsy juu ya kichwa chake.

Akaandika: Hajaolewa.

"Endelea," alisema Rinsy.

"Hapa wanataka mtu wa kuarifiwa. Ukiugua, au likitokea lolote."

"Andika jina lako."

Kalamu ikagusa karatasi. Kisha Sijo akasoma mstari wa chini yake, ambapo mtu huweka alama ya uhusiano. Visanduku vilikuwa vitatu. Mume au mke. Mzazi. Ndugu wa damu. Akavisoma mara ya pili polepole, labda kimoja kimempita. Akaigeuza karatasi kutazama nyuma. Nyuma kulikuwa kweupe.

"Nini?" Rinsy aliuliza. "Mbona huandiki?"

"Hakuna pangu."

Rinsy akainama, akasoma juu ya bega lake. Akafunika mdomo kwa kiganja. Alikaa chini kwenye udongo, kando yake, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi alilia kwa sauti, na Sijo hakumnyamazisha.

Saa kumi kasoro dakika kumi Sijo aliandika jina la mzee Ouseph, mkulima, na namba yake ya simu, na akatia alama kwenye kisanduku cha mzazi. Wakaipiga picha fomu kwa simu ya Rinsy, na Sijo ndiye aliyeituma, kwa sababu kidole chake kilikuwa kimetulia kidogo. Bwana Thampi alijibu muda huo huo kwamba imefika, na kwamba Ijumaa saa mbili kamili asichelewe.